Je, wajua kwa nini ufashisti haukai mbali na ubaguzi wa rangi?

Asubuhi pale Mwanga, Kigoma mjini, utamkuta mama akitua tita la kuni. Akifungua kamba tu, kuni zinatawanyika. Basi neno ufashisti limetoka kwenye tita: kwa Kitaliano, fascio. Roma ya kale, walinzi wa wakubwa walibeba fimbo zilizofungwa pamoja na shoka. Fimbo za kuchapia, shoka la kukatia vichwa. Benito Mussolini, aliyekuja kuwa dikteta wa Italia, alipoanzisha vuguvugu lake mwaka 1919, alilitwaa jina hilo.

Kamba yake ya kuwafunga watu pamoja ilikuwa nini? Mwanzoni Wayahudi wa Italia walikuwamo chamani, na sheria za kuwabagua zilitungwa mwaka 1938. Ndiyo maana wengi husema ubaguzi aliuazima kwa Hitler. Wanaosema hivyo, naona, wanaisahau Afrika. Oktoba 1935 majeshi yake yaliivamia Ethiopia, yakamwaga gesi ya sumu. Mwaka 1937, kabla Wayahudi hawajafikiwa, Mwitaliano aliyeishi kinyumba na mwanamke Mwafrika huko makoloni aliweza kufungwa hadi miaka 5. Kamba hiyo, yaani ubaguzi, ilijaribiwa kwetu kwanza.

Ubaguzi peke yake hauhitaji ufashisti. Wabelgiji walioiteka Kigoma mwaka 1916 hawakuwa mafashisti, lakini baadaye huko Rwanda ndio walioandika Mhutu na Mtutsi kwenye vitambulisho. Hata sisi Waha tunaijua ladha yake: niliwahi kufuata karatasi katika ofisi moja, nikaulizwa babu yangu alizikwa upande gani wa mpaka. (Alizikwa Kasulu, huku huku Tanzania.) Iliniudhi, lakini ule haukuwa ufashisti. Ufashisti huja pale kiongozi anapoichukua shuku kama ile na kuifanya siasa: taifa linazingirwa, adui yumo ndani, anayehoji ni msaliti.

Siku hizi neno "rangi" halitajwi sana. Husemwa "utamaduni", "wahamiaji", au kwamba wenyeji "wanabadilishwa" kwa makusudi, yaani wageni wanaletwa wachukue nafasi yao. Dai hilo la mwisho lilivuma kutoka Ufaransa, na aliyewaua watu 51 misikitini Christchurch, New Zealand, Machi 2019, alilifanya kichwa cha waraka wake. Wala si la Wazungu pekee. Februari 2023 Rais Kais Saied wa Tunisia alisema wahamiaji kutoka kusini mwa Sahara ni sehemu ya njama ya kubadili sura ya wakazi wa nchi yake. Siiti Tunisia nchi ya kifashisti, naitambua kamba. Watu weusi walipigwa, wakatolewa kwenye nyumba za kupanga, na baada ya siku chache Guinea na Ivory Coast zikawa zinawarudisha raia wao kwa ndege.