Aliyepotewa na maneno hajapotewa na akili

Shangazi yangu alipopatwa na kiharusi, neno lililombakia lilikuwa moja tu: “bado”. Muulize jina lake, bado. Muulize kama anataka chai, bado. Waliokuja kumjulia hali wakawa wanamsema mbele yake kana kwamba hayupo: “Maskini, akili imeshaondoka.” Naye anasikia, machozi yanamtiririka.

Kati ya dhana zote potofu kuhusu lugha na ubongo, hii ndiyo inayoumiza watu. Hali ile inaitwa afasia. Sehemu za ubongo zinazoshughulikia lugha zimekosa damu zikaumia, lakini kumbukumbu, utu na uwezo wa kupima mambo vinaweza kuwa palepale. Mwaka 1861 karibu na jiji la Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi kila alichoulizwa alijibu “tan, tan”. Alipoulizwa amekaa miaka mingapi katika hospitali ya Bicêtre, alikunjua kiganja mara nne, kisha akaonyesha kidole kimoja. Ishirini na mmoja. Hakukosea.

Leborgne alifariki siku chache baadaye, na Broca akakuta jeraha mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Hapo watu wakashika kwamba usemi una chumba chake kimoja kichwani. Sivyo. Ubongo ule umehifadhiwa hadi leo, na uchunguzi wa MRI, yaani mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa jeraha lilizama ndani kuliko Broca alivyoliona. Lugha ni kazi ya mtandao mzima wa sehemu za ubongo. Kwa watu wengi, hata wengi wanaotumia mkono wa kushoto, sehemu kubwa ya mtandao huo iko kushoto. Upande wa kulia husaidia kutambua hasira au mzaha katika sauti. Hata kiziwi anayetumia lugha ya ishara, akiumia kushoto, anaweza kupotewa na ishara zake.

“Anajifanya.” Hilo nalo nimelisikia, siku shangazi alipoimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, maneno yote yametoka sawasawa. Hakuwa anajifanya. Nyimbo, sala na kuhesabu moja hadi kumi ni mambo yaliyozoeleka tangu utoto, na mara nyingi hubaki hata pale mtu anaposhindwa kuunda sentensi mpya.

Tuliambiwa pia tumsemeshe Kiswahili tu, Kisambaa kitamchanganya. Lugha mbili za mtu mmoja hutumia kwa kiasi kikubwa sehemu zilezile za ubongo, na hakuna sababu ya kumnyima mgonjwa lugha aliyolelewa nayo. Na anayesema baada ya miezi sita hakuna tena nafuu, amekosea: nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo, lakini wapo wanaoendelea kupata maneno miaka kadhaa baadaye.

Muulize swali moja, fupi, kisha subiri. Mpe vitu vya kuchagua kwa mkono. Sisi tulichelewa kujua hilo. Wiki nzima tulimnywesha chai ya maziwa. Siku tulipomwekea vikombe viwili, alikisukuma cha maziwa, akakivuta cha rangi, akatutazama mmoja mmoja. “Bado,” akasema, akanywa.