Vitamini D na kiharusi: maswali na majibu kwa wakazi wa Mwanza

Je, ni kweli kwamba mwenye upungufu wa vitamini D yuko katika hatari zaidi ya kupata kiharusi?

Uhusiano upo. Tafiti nyingi zilizofuatilia watu kwa miaka zimeonyesha kwamba wenye vitamini D kidogo katika damu hupatwa na kiharusi zaidi kuliko wenzao, hasa kile cha mshipa wa ubongo kuziba. Hata hivyo, mambo mawili kuandamana si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Mzee ambaye miguu haimruhusu kutoka nje, mtu mwenye unene uliopindukia na mgonjwa wa figo mara nyingi huwa na vitamini D kidogo, na hao hao tayari wana sababu nyingine za kupata kiharusi.

Basi nikimeza vidonge vya vitamini D nitajikinga?

Hapana. Nchini Marekani watu wazima 25,871 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa yuniti 2,000 kila siku na nusu vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 hayakuonyesha kwamba vitamini hiyo ilipunguza kiharusi wala mshtuko wa moyo. Kuizidisha kuna madhara: kalsiamu hupanda katika damu, na mtu hupata kiu, kichefuchefu, hata mawe ya figo.

Sisi wa Kanda ya Ziwa, wenye jua mwaka mzima, tuna upungufu?

Wengi wetu hatuna. Watafiti waliopima damu za jamii tano za Tanzania, zikiwemo za Ukerewe na Sengerema, waliripoti mwaka 2013 wastani unaozidi nanomoli 100 kwa lita, ilhali wataalamu wengi huhesabu 50 kuwa inatosha. Wa kuangaliwa ni wanaoshinda ndani, wagonjwa wa figo au ini, na wanaotumia baadhi ya dawa za kifafa.

Kama jua tunalo, mbona kiharusi kinatupata?

Kwa sababu kisababishi chake kikuu ni shinikizo la juu la damu, na hilo jua haliliondoi. Mfikirie mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, ambaye tangu asubuhi yuko juani akiwageuza na kuwachambua: vitamini D huenda anayo tele, lakini inawezekana kabisa kwamba hajawahi kufungwa mashine ya presha mkononi, kwa kuwa presha haiumi. Kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, anahitaji kuonwa na daktari. Akianzishiwa dawa, ni za kila siku. Wengi huharibikiwa hapa, wanapoziacha kwa kuwa wamejisikia nafuu. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na iliyomo kwenye kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, ihesabiwe humo. Watoto wenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), ambao kanda hii inao wengi, nao hupata kiharusi na wasikose kliniki.

Dalili zikitokea tufanye nini?

Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, mkimbizeni mgonjwa hospitali yenye kipimo cha picha ya ubongo, kama Bugando. Najua familia nyingi huhisi amerogwa na kuanzia kwa mganga, na sidharau uchungu unaowapeleka huko, lakini saa hizo hazirudi: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha kuthibitisha kwamba mshipa haukupasuka. Msimpe aspirini nyumbani, kwani kama mshipa umepasuka itazidisha kuvuja kwa damu, wala chakula au maji, maana anaweza kupaliwa. Walio visiwani waanze kutafuta chombo papo hapo. Andikeni saa dalili zilipoanza, kwa sababu daktari ataiuliza mapema, na anayeijua mara nyingi ni yule aliyekuwa naye nyumbani.