Je, wajua? Picha ya uvimbe wa titi inaweza kudokeza kama kinga ya mwili imeingia ndani yake

Kwenye chumba cha altrasaundi mjini Tabora, mama aliyetoka Sikonge au Urambo huambiwa ainue mkono auweke kichwani. Hupakwa jeli ya baridi kwenye titi, kisha kifaa hupitishwa taratibu juu ya uvimbe mpaka doa jeusi litokee kwenye skrini. Yeye anataka kujua jambo moja tu: ni saratani au siyo? Watafiti wa picha za matiti wameanza kuliuliza doa hilo swali la pili: askari wa mwili wameingia humo, au wameishia nje?

Askari hao ni limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu. Kuna saratani za titi zilizojaa limfosaiti, na kuna ambazo hazina karibu hata moja. Tofauti hiyo ina uzito hasa kwenye saratani ambayo chembe zake hazina vipokezi (protini zinazopokea ishara ya kukua) vya homoni za estrojeni na projesteroni, wala kile kiitwacho HER2, ambayo ni kali na huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo na wenye asili ya Afrika. Humo, limfosaiti zikiwa nyingi, kwa kawaida uvimbe husikia dawa za kemotherapi vizuri zaidi. Kwenye saratani zinazotegemea homoni habari si nyoofu hivyo. Wingi wa limfosaiti huko si lazima uwe dalili njema.

Njia ya kuzipima ni kuchukua kinyama. Kipande chembamba hutolewa kwa sindano, hupakwa rangi, na daktari wa patholojia hukadiria kwa hadubini ni asilimia ngapi ya eneo lililo kati ya chembe za saratani imeshikwa na limfosaiti. Shida ni kwamba kipande hicho kina unene wa kama milimita 2 tu, na limfosaiti hazijipangi sawasawa; upande mmoja wa uvimbe waweza kujaa huku mwingine ukiwa mtupu. Picha huuona uvimbe mzima.

Lakini altrasaundi haioni limfosaiti hata moja. Inaonaje basi?

Saratani nyingi za titi hutengeneza nyuzi ngumu za makovu. Nyuzi hizo huvuta nyama ya jirani, kingo zikawa na miiba, na hunyonya mawimbi ya sauti hata chini ya uvimbe kukawa na kivuli cheusi. Uvimbe uliojaa chembe, limfosaiti zikiwemo, mara nyingi una nyuzi chache. Sauti hupita kirahisi. Basi chini ya doa badala ya kivuli hutokea mkanda mweupe, na doa lenyewe huwa jeusi zaidi, la mviringo au lenye vinundu, kingo zake zikiwa hazina miiba. Tafiti kadhaa zimezihusisha alama hizi na wingi wa limfosaiti.

Hapo ndipo pa kuangalia sana. Umbo la mviringo lenye kingo laini ndilo pia umbo la fibroadenoma, uvimbe usio saratani ambao wasichana wengi huupata. Kwa hiyo saratani kali yaweza kuonekana pole kwenye skrini. "Ni laini, hauna neno" ni kauli ya hatari kama uvimbe ni mpya na unakua.

MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huongeza yake: dawa ya gadoliniamu hudungwa mshipani, kisha huangaliwa inavyoingia na kutoka kwenye uvimbe, na kama kuna maji yaliyotuama pembeni. Programu za kompyuta huchambua mamia ya vipimo kutoka picha moja. Ila programu iliyofundishwa kwa mashine za hospitali moja huweza kuyumba ikipelekwa kwingine, na matokeo ya tafiti za MRI hayajakubaliana.

Ndiyo maana hakuna anayepangiwa dawa kwa picha peke yake. Marekani iliidhinisha mwaka 2021 pembrolizumab, dawa ya kuamsha kinga, itumike pamoja na kemotherapi kwa saratani isiyo na vipokezi hivyo vitatu iliyo katika hatua za awali lakini yenye hatari kubwa ya kurudi; anayestahili huamuliwa kwa kinyama na hatua ya ugonjwa. Kazi kubwa ya altrasaundi, iwe hospitali ya Kitete mjini Tabora au Bugando mjini Mwanza, bado ni ile ya kumwongoza mwenye sindano achome mahali penyewe.