Je, wajua kwa nini dereva wa pikipiki za mashindano huburuza goti kwenye lami?

Jumapili moja kule Kondele, Kisumu, tulikuwa tumejibana kwenye kibanda cha chai, tukitazama MotoGP, mbio za pikipiki za daraja la juu duniani, kwenye simu ya kijana mmoja wa stage ya bodaboda. Pikipiki zilikuwa zinaingia kona zimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, magoti ya madereva yakisugua lami. Kijana akanigeukia. "Mwalimu, hawa si wanajionyesha tu?"

Nimefundisha fizikia miaka mingi, na swali kama hilo hunifurahisha kuliko mtihani wowote. Hapana, hawajionyeshi. Lile goti lina kazi.

Tuanze na kulala kwenyewe. Pikipiki ikiwa kwenye kona, mwendo wake unataka kuipeleka mbele moja kwa moja, nje ya barabara. Ukijaribu kuizungusha ikiwa wima, itapinduka upande wa nje. Lazima ilale upande wa ndani, mpaka uzito unaoivuta chini upatane na nguvu inayoisukuma nje. Na nguvu hiyo haikui polepole: ukiongeza kasi mara mbili kwenye kona ileile, yenyewe inakuwa mara nne. Kila anayeteremka kutoka Kiboswa kupitia Riat kuja Mamboleo anaijua hesabu hii mwilini, hata kama hajawahi kuiandika. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 25, ukipita kwa kilomita 40 kwa saa, pikipiki inahitaji kulala kama digrii 27 kutoka wima. Ongeza ufike 60, na sasa inataka karibu digrii 49. Hapo tairi ya kawaida kwenye barabara yenye vumbi imeshakuacha.

Pikipiki za MotoGP hupita digrii 60. Zinaweza kwa sababu tairi zake ni za mpira laini usio na mifereji, hufunikwa kwa blanketi za umeme zipate moto kabla ya kuingia uwanjani, na lami yenyewe haina mchanga wala mafuta ya lori.

Sasa goti. Tazama vizuri na utaona dereva hayuko kitini. Tako moja liko hewani, bega limeshuka, kichwa kiko karibu na usukani upande wa ndani wa kona. Pikipiki hizo haziruhusiwi kuwa chini ya kilo 157, kwa hiyo dereva wa kilo 65 ni zaidi ya robo ya uzito wote. Akiuning'iniza mwili wake ndani ya kona, uzito wa jumla unahamia ndani, na pikipiki inaweza kupita kona ileile kwa kasi ileile ikiwa imelala pungufu kuliko hapo. Digrii chache tu, lakini hizo ndizo zinazofanya mpira mwingi zaidi uguse lami na vyuma vya chini visikwaruze. Mguu ukifunguliwa hivyo, goti linajikuta chini.

Likishafika chini, linakuwa rula. Kwenye goti la suti ya mbio anayovaa dereva kuna kipande cha plastiki kinachobanduliwa na kubadilishwa kikiisha. Kikianza kukwaruza, dereva anajua amelala kiasi gani bila kutazama popote, maana nafasi ya kutazama hana.

Zamani hawakufanya hivi. Giacomo Agostini wa Italia, mwenye mataji 15 ya dunia, alipita kona magoti yakiwa yamebana tangi. Aliyeufanya mtindo wa goti uenee ni Kenny Roberts wa Marekani, bingwa wa dunia wa 1978, 1979 na 1980. Kisha 2013 akaja Marc Márquez wa Uhispania, akatwaa taji la daraja la juu mwaka wake wa kwanza, akiwa na miaka 20. Huyu alishuka hadi kiwiko, na mara nyingi tairi ya mbele ilipoteleza alijisukuma kwa goti na kiwiko, akainuka na pikipiki yake. Sijui namna ya kueleza jambo hilo bila kusimama nikaonyesha kwa mikono, na siku ile pale kibandani nilisimama.

Baadaye tulichuchumaa kando ya pikipiki ya yule kijana. Tairi ya nyuma ilikuwa imeisha katikati, bapa kabisa, kipara. Lakini pembeni, pande zote mbili, vile vinywele vya mpira vya kutoka kiwandani bado vilikuwepo. Abiria wawili, gunia la mahindi, barabara iliyonyooka: tairi ya bodaboda huliwa katikati. Ya Márquez huchanika pembeni.

Akaniuliza kwa nini basi madereva wa mbio huvunja mwendo kabla ya kona. Nikamwambia nguvu ya tairi ni kama ugali wa sahani moja: ukiumega kwa breki, unaobaki wa kona ni mdogo. Kwa hiyo dereva huachia breki kidogo kidogo kadiri anavyolala, kisha huinua pikipiki mapema ili abakiwe na ugali wa kufungulia mafuta.

Na Mwafrika yupo? Yupo. Brad Binder wa Afrika Kusini, bingwa wa 2016 wa Moto3, daraja la chini la mbio hizi, ambaye mwaka 2023 alifika kilomita 366.1 kwa saa huko Mugello, Italia.

Wanaanguka, tena sana. Tangu 2018 kila suti ya MotoGP lazima iwe na mfuko unaojaa hewa dereva anaporushwa, na mara nyingi mtu huserereka, akainuka akikimbilia pikipiki. Si kila mara. Márquez alivunjika mkono wa juu wa kulia huko Jerez Julai 2020. Alifanyiwa upasuaji mara nne kwa mkono huohuo. Taji lililofuata alilipata 2025.