Kufanana si Undugu: Dhana Potofu za Wabunifu wa Lugha za Kigermaniki

Juma lililopita nililetewa tena orodha ya msamiati wa lugha ya kubuni ya Kigermaniki, yaani ya ukoo wa Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na Kiswidi, na mstari wa kwanza kabisa ulikuwa na kosa lile lile: “haben” ya Kijerumani, “have” ya Kiingereza na “habere” ya Kilatini zimepangwa pamoja kama ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa zinafanana na zote zina maana ya kuwa na kitu.

Si ndugu. Kanuni aliyoieleza Jacob Grimm, mtaalamu wa lugha wa Kijerumani, mwaka 1822 inaonyesha kwamba sauti k ya lugha mama, ile ya kale iliyozaa Kilatini na Kigermaniki, ilibaki k katika Kilatini, lakini katika Kigermaniki ikageuka h; ndiyo maana pembe ni “cornu” kwa Kilatini na “horn” kwa Kiingereza. Kwa hiyo h ya “have” inadai k upande wa Kilatini, na ndugu yake halisi ni “capere”, yaani kushika au kukamata: aliyekishika kitu ndiye aliye nacho. “Habere” ina mzizi mwingine kabisa, na kufanana kwake na “have” ni sadfa, kama ilivyo kwa kaa la moto, kaa wa pwani na kaa kitako, jambo ambalo hakuna Mswahili anayehitaji kufundishwa.

Ushauri wangu, ambao nimeurudia hadi koo limekauka, ni kwamba konsonanti za Kilatini na za Kigermaniki zikilingana mno, mtu ashuku kwanza: ama ni sadfa, ama neno limekopwa. Tazama “pound” ya Kiingereza, ambayo kwa Kijerumani ni “Pfund”. Lingekuwa neno la urithi, p ya “pondo” ya Kilatini ingekuwa f, kama “pater” inavyolingana na “father”. P iliyosalia katika Kiingereza inatoboa siri ya mkopo, na pf ya Kijerumani inaonyesha kwamba mkopo huo ni wa zamani, kabla konsonanti za Kijerumani cha Juu, yaani lahaja za kusini zilizo msingi wa Kijerumani sanifu, hazijageuka.

Wengine hushikilia kwamba maana ya kale ndiyo maana ya kweli. “Town” ya Kiingereza ni mji, “tuin” ya Kiholanzi ni bustani, na “Zaun” ya Kijerumani ni uzio, ambao ndio maana ya awali. Je, mji wa lugha mpya uwe uzio? Boma nalo lilianza kuwa ua, lakini anayekwenda bomani kufuata hati hatafuti miti iliyochomekwa ardhini.

Wala maana haiamuliwi kwa kura za lugha nyingi. “Gift” ni zawadi kwa Kiingereza na sumu kwa Kijerumani, na kwa Kiswidi ni sumu na pia aliyeoa au kuolewa. Yote hayo yametokana na kutoa, na hapo mbunifu hana budi kuchagua mwenyewe.

Kiingereza si mtoto wa Kijerumani. Ni ndugu, basi.

Na nyota iliyo mbele ya *hurną, neno la pembe katika Kigermaniki cha kale, si pambo: umbo hilo limekisiwa na wataalamu kwa kulinganisha lugha. “Horna”, lililochongwa kwa runi, herufi za kale za Kigermaniki, kwenye pembe ya dhahabu iliyopatikana Gallehus, Denmark, mwaka 1734, halina nyota kwa sababu kuna mtu aliyeliandika.