Guadeloupe 2021: haikuwa sindano peke yake

Tangu Novemba 2021, vizuizi vya matairi na magari vilipokuwa vikiteketea barabarani Guadeloupe na Martinique katika maandamano ya kupinga chanjo ya lazima ya UVIKO-19, watu wengi wamebaki na maelezo mepesi: watu wa visiwa hivyo vya Ufaransa katika Karibea ni washirikina, wanaogopa sindano. Hata agizo lenyewe la kuchanjwa husimuliwa vibaya. Halikumhusu kila raia. Sheria ya Agosti 2021 iliwabana wahudumu wa afya, wazimamoto na wachache wengine, na asiyechanja alisimamishwa kazi bila mshahara.

Hofu ilikuwepo, sikatai. Ila ina historia, na historia hiyo iko shambani. Kuanzia 1972 hadi 1993 migomba ya huko ilinyunyiziwa klorodekoni, sumu ya kuua fukusi. Ufaransa iliipiga marufuku 1990, lakini visiwani ikaruhusiwa miaka mitatu zaidi. Leo zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wa visiwa hivyo wana chembe zake mwilini, na kuna sehemu za pwani ambako uvuvi umekatazwa. Mtu aliyeambiwa na serikali hiyo hiyo kwamba dawa ya migomba haina neno, utamlaumu akisita?

Ongeza mabomba yanayokauka siku nzima Guadeloupe, bei za juu na vijana wasio na ajira. Ndiyo maana vyama vya wafanyakazi vilivyoitisha mgomo vilidai pia mishahara na maji. Mwezi huo huo Sébastien Lecornu, wakati huo waziri wa Ufaransa wa maeneo ya ng'ambo, alianza kuzungumzia uwezekano wa kuipa Guadeloupe mamlaka zaidi ya kujiendeshea mambo yake.