Neno la Kiingereza weird halikuanza na maana ya ajabu

Wengi wanaamini wale wachawi watatu kwenye Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, wanaitwa weird sisters (dada wa ajabu) eti kwa sababu ni watu wa ajabu ajabu, wana ndevu na vituko, lakini sivyo kabisa. Neno weird limetoka kwenye wyrd ya Kiingereza cha kale, yaani majaliwa, kile ulichoandikiwa, na Shakespeare aliwakuta na jina lao tayari kwenye kitabu cha historia cha Holinshed, kilichotoka mara ya kwanza 1577, ambako wameelezwa kama miungu wa kike wa majaliwa, ndo maana wanamtabiria Macbeth ufalme. Chapa ya 1623 ya tamthilia hiyo hata imeandika weyward badala ya weird. Maana ya kitu cha ajabu tu ilizoeleka karne ya 19, na mi naona tamthilia inatisha zaidi ukishajua hilo, maana unabaki kujiuliza Macbeth aliamua mwenyewe kuua au alishapangiwa.